Sauti Inayofika

Dago ni kambi ya wavuvi waliohama na nyavu zao. Kaskazi inapovuma, takriban kuanzia Novemba hadi Machi, bahari ya Malindi na Kilifi hutulia, na mashua za Wapemba na Wabajuni hutia nanga Mayungu, Malindi na Ngomeni, hadi ndani ya ghuba ya Ungwana. Wenyewe husema wamekwenda dago. Wengine husema ago. Kusi ikianza kupiga, mashua hurudi. Lakini si zote. Wako waliokuja kwa msimu mmoja wakakaa miwili, wakaoa, wakazaa, na wajukuu wao leo husema Kipemba nyumbani na Kigiriama sokoni. Wako pia wasiorudi wala wasiokaa: samaki akihama nao huhama, na miaka ikapita hivyo.

Swali la hawa wa mwisho ni la kale katika fikihi: mtu ambaye kukaa kwake ndiko kusafiri kwake, ahesabiwe yuko wapi? Simu imeliongezea swali hilo upande wa pili. Zamani mvuvi akishapotea machoni alikuwa amekwenda, na habari zake zilirudi pamoja naye, au kwa kinywa cha nahodha aliyemtangulia. Sasa yumo ndani ya mkoba wa mkewe. Je, mtu anayesikika ni mtu aliyepo?

Waislamu wengi wa pwani hufuata madhehebu ya Imamu Shafi, na Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ni miongoni mwa vitabu vinavyosomeshwa darasani misikitini. Katika madhehebu hayo msafiri ana ruhusa ya kusali Adhuhuri, Alasiri na Isha kwa rakaa mbili badala ya nne, na kuzikusanya sala. Safari yenyewe iwe ya marhala mbili, masafa ambayo hukadiriwa leo kuwa kilomita 80 na kitu. Kutoka Wete, Pemba, hadi Ngomeni ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Ruhusa hukatika pale msafiri anaponuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka. Anayengoja jambo linaloweza kutimia siku yoyote, kama upepo kugeuka au tanga kushonwa, huendelea kupunguza hadi siku 18. Sheria, kwa hiyo, haikuuliza mtu amelala chini ya paa la namna gani. Imeuliza amepanga nini moyoni.

Kisha vitabu vinamtaja mtu ambaye ni kama viliandikiwa yeye: baharia anayeishi chomboni pamoja na watu wake, na mwenzake asiyekoma kusafiri. Imamu Ahmad bin Hanbal aliona kuwa baharia huyo hana ruhusa ya msafiri. Chombo ndiyo nyumba yake, na mtu hawi safarini hali yumo nyumbani kwake. Washafi wakasema ruhusa anayo, ila ni bora atimize sala zake, ili atoke katika hitilafu ya wanazuoni. Jibu la Washafi ni la adabu, lakini hoja ya Imamu Ahmad ndiyo yenye uzito, kwa sababu inakiri kwamba mwendo wenyewe unaweza kuwa makazi. Sufuria, mkeka, mke na mtoto vikishapanda chomboni, hakuna tena “kwao” kunakongoja.

Marekani, watu wanaoishi mwaka mzima ndani ya magari yenye kitanda, jiko na choo hukutana na tatizo hilohilo kwa sura ya kiserikali, maana leseni hutaka anwani, na anwani yao ina magurudumu. Jimbo la South Dakota limewafungulia mlango: risiti ya kulala humo usiku mmoja, pamoja na anwani ya kampuni inayowapokelea barua, ni msingi wa kuipata leseni ya udereva. Fikihi inataka siku nne na nia. South Dakota inataka usiku mmoja na risiti.

Utajiri wa fikra hasa umo katika sala ya Ijumaa. Kwa Washafi, Jumaa haisimami bila wanaume arubaini, tena wawe wakazi wa kudumu, watu wasiouhama mji majira yoyote ila kwa haja. Mgeni aliyenuia kukaa siku nne au zaidi huku moyoni ana kwao kwa kurudi, Jumaa inamlazimu, lakini hahesabiwi katika wale arubaini. Mji ukiwa na wenyeji thelathini na tisa na wavuvi wa dago mia, idadi haijatimia. Nao wakaao katika mahema, hata wakidumu mahali pamoja, hawasimamishi Jumaa kambini mwao. Wajibu huwafikia kwa njia moja tu: adhana ya mji ikiwafikia.

Wanazuoni hawakuliacha neno “ikiwafikia” likiwa wazi. Walipima. Mwadhini mwenye sauti ya juu asimame ukingoni mwa mji upande wa kambi, upepo umetulia, pasiwe na makelele, na kambini awepo mtu mwenye masikio mazima. Akisikia, wote wamelazimika, hata waliolala. Asiposikia, hakuna kitu juu yao. Vipaza sauti vilipokuja, wengi walikibakiza kipimo kwenye koo la mtu, wasije wakamlazimisha mvuvi wa mbali kwa sababu tu msikiti umenunua spika kubwa. Ni mjadala wa masafa na wa kizuizi cha upepo, na fundi wa minara ya simu angeufuata bila tabu.

Humo mna kanuni mbili zinazofaa kushikwa pamoja. Ya kwanza: sauti inapofika, wajibu umefika nayo. Ya pili: kulazimika si kuhesabiwa. Mambo mengi yanayosemwa kuhusu simu na mtu aliye mbali huvurugika kwa kuwa kanuni moja inachukuliwa na nyingine inaachwa.

Kanuni ya pili wameionja Wapemba wa Kenya nje ya msikiti. Kwa miongo mingi familia zao katika kaunti za Kwale na Kilifi zilikaa bila vitambulisho, ingawa wengine walizaliwa papo hapo. Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwatambua kuwa raia, na mwaka huohuo vitambulisho vikaanza kutolewa. Kabla ya hapo mtu asiye na kitambulisho hakuweza kusajili laini ya simu kwa jina lake, wala, baada ya M-Pesa kuanza mwaka 2007, kufungua akaunti ya kupokelea jasho lake. Njia iliyobaki ni laini ya jirani, au ya mke mwenye karatasi. Mtu wa namna hiyo alipigiwa, alisikika, alidaiwa, alituma na kutumiwa. Ila katika daftari la kampuni ya simu na la serikali aliyekuwa akizungumza ni mwingine.

Dago lenyewe, likitazamwa kwa karibu, limejaa mambo ya simu. Vibanda vya makuti vimeegemea upande mmoja kwa upepo. Nyavu zimeanikwa, na mama karanga wako na karai zao wakingoja samaki wa kukaanga. Mvuvi anayekwenda mbali habebi simu ya kioo. Hubeba kabambe, simu ndogo ya vitufe, kwa kuwa chaji yake hukaa siku kadhaa na ikianguka haiachi majuto. Huitia ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa kwa mpira, kisha ndani ya kopo lenye kifuniko cha kuzungusha, kisha kopo huchomekwa mahali pasipopigwa na maji. Ng'ambo ya mwamba mawimbi ya mnara huanza kupungua. Hapo wazoefu huzima, maana simu inayotafuta mtandao hula chaji haraka. Ufukweni napo kuna pahali panapojulikana, juu ya tuta fulani au chini ya mkwaju fulani, ambapo vishale husimama viwili. Jioni watu husimama hapo mmoja mmoja, kila mtu ameupa mgongo umati kana kwamba yuko chumbani kwake.

Maneno ya huko nayo yana falsafa yake. Salio likiisha, Safaricom hukopesha kwa huduma inayoitwa Okoa Jahazi, na kwa mtu wa bahari jina hilo si mzaha mtupu. Simu isipopatikana, sauti iliyorekodiwa hutaja mteja wa nambari hiyo, na Wakenya wakalikata neno wakabakisha kipande: “yuko mteja.” Mteja si mtu aliyekufa, wala aliyesafiri, wala aliyekataa kusema. Ni hali ya kutokuwa popote panapojulikana na anayekutafuta.

Kutoka Ngomeni, ukitazama baharini, huonekana majukwaa ya San Marco, ambako Waitaliano walirusha roketi kati ya 1967 na 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, kiliruka kutoka hapo chombo kilichopewa jina Uhuru, setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota. Sikio la kusikiliza nyota lilirushwa kutoka bahari hiyohiyo ambamo, wakati ule, mvuvi hakuweza kumwambia mkewe kwamba atachelewa siku mbili. Tangu Julai 2023 intaneti ya setilaiti ya Starlink inauzwa Kenya, na mwenye fedha aliyeegesha gari lake la kulala mbali na mji anaweza kupata mtandao bila mnara jirani. Mwenye fedha, lakini; dago bado linategemea mnara.

Turudi kwenye kanuni ya kwanza, sauti na wajibu. Katika Uislamu kuunga udugu ni faradhi na kuukata ni dhambi kubwa. Kadhi Iyadh wa Ceuta, aliyefariki mwaka 1149, na ambaye Nawawi alimnukuu katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, alieleza kwamba kuunga udugu kuna daraja, na ya chini kabisa ni kuacha kususana na kusema na ndugu, walau kwa salamu. Daraja hizo, akaongeza, hutofautiana kwa uwezo na kwa haja. Anayefanya chini ya anachokiweza hastahili kuitwa muungaji. Uzito wa maneno hayo umo katika neno uwezo. Mwaka 1890 mvuvi aliyekuwa dago miezi minne bila kutoa salamu hakuwa amekata udugu, kwa kuwa hakuwa na cha kutoa ila salamu za mdomo kwa nahodha anayerudi. Kilembwe wake mwenye bando, anayetazama mpira kwenye simu hadi saa nne za usiku na hajampigia mamake wiki tatu, yuko umbali uleule wa maili za bahari, lakini hayuko katika hukumu ileile.

Kwa hiyo simu haikumrudisha mtu nyumbani. Ilichokifanya ni kumwondolea udhuru. Wengi huisifu kwa la kwanza, ambalo haikulitenda, na kulisahau la pili. Hata salamu yenyewe iko hivyo: Nawawi amenakili katika Al-Adhkar kwamba salamu iliyokuja kwa barua, au kutoka nyuma ya ukuta, ni wajibu kuijibu mara inapofika. Ujumbe wa sauti ulioanza kwa “Asalaam aleikum” na ukaachwa siku tano bila jibu, mtumaji akiona alama kwamba umesikilizwa, haukosi kanuni katika vitabu vya miaka mia saba na zaidi.

Mahali ambapo mabadiliko haya yameuma zaidi ni masurufu ya mke. Mume aliye mbali hakusamehewa chakula cha watu wake hata zamani, ila utekelezaji ulingoja msimu uishe, na duka la mtaani lilikopesha kwa kutegemea bahari. Sasa fedha hufika kabla mvuvi hajamaliza kupaa samaki. Kungoja, ambako kulikuwa subira ya nyumba nzima, kumekuwa kosa la mtu mmoja. Mke anaposimama mbele ya kadhi, na mahakama za makadhi zimo katika katiba ya Kenya ya mwaka 2010, neno “sikupata njia ya kutuma” halina tena nguvu iliyokuwa nayo.

Na akiwa mteja moja kwa moja? Fikihi hutenganisha aliye mbali na aliyepotea. Wa kwanza pake panajulikana. Wa pili hajulikani yu hai au amekufa. Mke wa aliyepotea, kwa kauli ya kale ya Imamu Shafi, hungoja miaka minne kisha hukaa eda. Kwa kauli yake mpya, hungoja hadi ipatikane yakini ya kifo au talaka. Sheria ya ushahidi ya Kenya ina hesabu yake ya miaka 7. Hesabu hizi zote zilipangwa kwa ulimwengu ambamo ukimya ulikuwa hali ya kawaida ya mtu aliye baharini. Leo ukimya wa siku tatu huwa tukio, na ndugu huanza kupigia wenzake wa kambini, kisha tajiri wa mashua. Hilo ni jema pale mashua inapozama. Lakini limezaa aina mpya ya aliyepotea: mtu ambaye laini yake imezimwa kwa makusudi, anayeonekana Malindi sokoni na kila mtu, asiyeonekana na aliyemwacha Pemba.

Mwili nao una haki zake ambazo sauti haiwezi kuzibeba. Mwaka 1990 Baraza la Fikihi la Kiislamu lililo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu lilikutana Jeddah likaamua kwamba mikataba inaweza kufungwa kwa simu na vyombo kama hivyo, likiitoa ndoa, kwa sababu ya mashahidi, na pia ubadilishaji wa fedha, unaodai kukabidhiana papo hapo. Mvuvi anaweza kuuza samaki wa wiki nzima kwa simu, asiweze kumwoza binti yake kwa simu hiyohiyo. Njia ipo, na ni ya kale: uwakilishi. Baba aliye dago humpigia kaka yake au mwalimu wa mtaa na kumpa idhini ya kumwozea, na siku ya akidi mwakilishi huyo hukaa mbele ya bwana harusi, mkono kwa mkono, mashahidi wakisikia. Simu huwekwa juu ya mkeka na spika yake imefunguliwa ili baba asikie. Anasikia kila kitu, hata kikohozi cha mzee wa pembeni. Bila idhini yake ndoa isingefungwa, na hata hivyo kikaoni hayumo.

Talaka ni kinyume chake, nayo inatisha kwa wepesi wake. Maandishi kwa Washafi ni kinaya: hayana nguvu ila yakiambatana na nia. Basi ujumbe mfupi ulioandikwa kwa hasira chini ya mkwaju huacha nyuma yake swali ambalo ni mwandishi peke yake awezaye kulijibu, naye ndiye asiyeonekana uso.

Ijumaa nayo ilijaribiwa. Katikati ya karne ya 20 mwanachuoni wa Moroko, Ahmad al-Ghumari, aliandika kitabu kutetea kwamba mtu anaweza kusali Jumaa nyumbani akimfuata imamu kwa redio. Wengi walimkatalia. Mwaka 2020, misikiti ya Kenya ilipofungwa tangu Machi na, mwezi wa Aprili, kuingia na kutoka Kaunti ya Kilifi kukazuiwa, hoja yake ilifufuka dunia nzima. Jawabu lililoshika lilikuwa Adhuhuri, rakaa nne, nyumbani. Sauti ya khatibu ilifika kila chumba, lakini safu haikuundika.

Wajirani wa bara wa wavuvi hawa, Wagiriama, wamelifikia jambo hilo kwa njia yao. Mtu aliyekuwa wa chama cha Gohu akifa husimikiwa kigango, nguzo iliyochongwa, na kigango kikishasimikwa hakihamishwi hata boma likihama. Walio hai ndio wanaokwenda kwa koma, mizimu ya wazee wao. Kijana wa Ganze anayefanya kazi Mombasa huweza kutuma kwa simu fedha za mbuzi wa sadaka. Tembo la mnazi lazima limwagwe na mkono uliopo.

Liko jambo moja ambalo fikihi ya Kishafi ililiruhusu kwa mtu wa mbali bila mwakilishi wala chombo: sala ya ghaibu. Mtume alimsalia Najashi, mfalme wa Uhabeshi, akiwa Madina, na Washafi wakajenga juu ya hapo. Aliye nje ya mji wa maiti humsalia huko aliko. Aliye ndani ya mji hana ruhusa hiyo, sharti aende. Zamani sala hii ilisaliwa dago wiki kadhaa baada ya maziko, habari zilipofika na chombo. Sasa habari hufika kabla maiti hajaoshwa, na huzikwa siku hiyohiyo, wakati mashua ya kutoka Ngomeni isingekuwa imefika hata Kilifi. Wavuvi hutia udhu kwa maji ya madebe, hupanga safu mchangani, imamu akatangulia, na mbele yake hakuna jeneza. Takbira nne, bila rukuu wala sijida. Baada ya salamu, mfiwa huiwasha simu na kuuliza kama watu wameshatoka makaburini.